Rivyu za kulipiwa: serikali imkamate nani hasa, mwandishi, muuzaji au mwenye jukwaa?

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kesi moja ya Australia imenikaa kichwani wiki nzima. Kampuni ya Meriton inapangisha vyumba vya wageni. Tripadvisor, tovuti ambako wasafiri huandika rivyu, yaani maoni na nyota, walikuwa na utaratibu wa kuwaandikia barua pepe wageni walioondoka na kuwauliza wameonaje; kazi ya Meriton ilikuwa kukabidhi anwani tu. Sasa mgeni akishalalamika mapokezini, au siku ambazo lifti imegoma na maji ya moto hayatoki, wafanyakazi walikuwa wanachomeka herufi tatu, MSA, kwenye anwani yake. Anwani ikawa mbovu, ombi la maoni likapotelea hewani, mgeni hajui lolote. Mchezo huo ulichezwa kuanzia Novemba 2014 hadi Oktoba 2015, na mwaka 2018 mahakama ikawapiga faini ya dola milioni 3 za Australia.

Tazameni hapo vizuri. Hakuna rivyu feki hata moja iliyoandikwa. Kila nyota iliyoonekana ilitoka kwa mtu aliyelala pale kweli na akaridhika kweli. Uongo ulikuwa kwenye zile ambazo hazikuandikwa.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kama serikali "ina haki ya kupima maoni ya watu", naona tumeshika mkia tukidhani ni kichwa. Sheria za miaka ya karibuni hazipimi maoni. Umoja wa Ulaya kuanzia Mei 2022 unamtaka muuzaji aseme kama anahakiki kuwa watoa maoni walinunua kweli, na anahakiki vipi. Japani tangu Oktoba 2023 tangazo lililovalishwa nguo za maoni ya mtu wa kawaida ni kosa, na anayebanwa ni mwenye bidhaa. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile FTC, ilianza kazi tarehe 21 Oktoba 2024. Uingereza ikafuata Aprili 2025, tena mamlaka yao ya ushindani sasa inaweza kutoza hadi asilimia 10 ya mauzo ya kampuni ya dunia nzima bila kwenda mahakamani kwanza.

Msimamo wangu: maoni ni ya mwenye maoni, serikali ikae mbali nayo. Ila pesa iliyopita nyuma ya maoni, na mkono wa muuzaji unaochagua kipi kionekane na kipi kisionekane, hivyo ifuatilie mpaka mwisho.

Nawasilisha. Mawe yaanze.

PandaShuka

Uzi mzuri mkuu ila unajichosha. Faini ya milioni tatu kwa kampuni ya maghorofa ni sawa na kumtoza tembo ushuru wa majani. Halafu wauzaji wengi wa sasa hata ofisi hawana. Jina la duka ni herufi zilizomwagwa kama mtu amekalia kibodi, mwezi ujao limebadilika. Hiyo asilimia 10 utaitoza kwa nani?

Mwandishi wa Njaa

Nimeingia kujibu swali la kichwa cha uzi maana yule mwandishi ni mimi. Miaka kama miwili nilikula kwa hii kazi, nimeacha.

Maelekezo yalikuja kwenye faili. Usimwage tano tupu. Kila baada ya kadhaa weka nne na ulalamikie kitu kisichoumiza mauzo, kama boksi kubonyea au rangi kukolea kuliko pichani. Kosea herufi mahali pamoja. Jina la bidhaa litaje mara moja tu, kwa sababu mtu halisi husema "hiki kitu". Taja mtu wa nyumbani: "mume wangu alikuwa na shaka mwanzoni".

Na ile alama ya "mnunuzi aliyethibitishwa" mnayoiamini? Nilikuwa nanunua kwa pesa yangu mwenyewe. Mzigo unakuja mpaka mlangoni, nasubiri siku kumi, naandika, natuma picha ya skrini, narudishiwa pesa kwa njia nyingine ambayo jukwaa haliioni. Ununuzi umethibitishwa kabisa! Kilichothibitishwa ni risiti. Maneno hayajathibitishwa na mtu.

Kuhusu malipo, wengi wenu mnadhani kuna utajiri. Mwaka 2013 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alituma wapelelezi wake wakajifanya wana duka la mtindi Brooklyn, wakawapigia wale wanaojiita wasafisha jina mitandaoni kuomba msaada. Wakaahidiwa rivyu za kubuni bila hata aibu. Waandishi wenyewe walikuwa Ufilipino, Bangladesh na Ulaya Mashariki, dola 1 hadi 10 kwa rivyu. Kampuni 19 zilibanwa zikakubali kulipa jumla zaidi ya dola 350,000. Kwenye ile ngazi ya 1 hadi 10, mimi nilikuwa nimekalia ya chini. Kwa hiyo mkisema mwandishi akamatwe, sawa, njooni. Mtakuta chumba chenye feni moja na madeni.

Fundi Saa

"Mume wangu alikuwa na shaka mwanzoni" 😂😂 Nimenunua godoro kwa sentensi hiyo.

Dada Chokochoko

Sasa mnanitia wasiwasi. Mimi si mwandishi wa kulipwa, ni mteja tu, lakini sikilizeni. Niliwahi kununua spika ndogo mtandaoni. Chaji ilikuwa haikai hata saa mbili. Nikaandika nyota mbili, kwa hasira zangu na kwa ukweli wangu. Siku ya tatu nikapata ujumbe wa muuzaji: dada tunaomba radhi, sisi ni familia ndogo, tukurudishie pesa yote na spika ubaki nayo, ila utusaidie "kuangalia upya" maoni yako. Hakusema nyota tano. Alisema kuangalia upya.

Nikaangalia upya. Nikaandika "sauti safi, besi inatetemesha meza", nyota tano. Sauti ilikuwa safi kweli jamani, sikudanganya hapo. Chaji sikuitaja.

Je, mimi ni mhalifu?

PandaShuka

Ndiyo. Jisalimishe kituo cha karibu.

Kalamu Butu

PandaShuka acha kumtisha mtu.

Dada, kanuni ya FTC haikukulenga wewe. Kinachokatazwa ni mfanyabiashara kutoa malipo au zawadi yoyote ili apate rivyu ya mwelekeo fulani, uwe mzuri au mbaya, na maneno yake yanagusa sharti la wazi na sharti la kudokeza pia. Hilo la kudokeza ndilo lako. "Kuangalia upya" hakuna mtoto asiyeelewa lina maana gani. Zawadi isiyo na sharti kanuni hiyo haijaikataza; hiyo inabaki kwenye wajibu wa kusema kwamba umepewa. Anayeuza rivyu za kubuni naye amo, na anayewatuma wafanyakazi wake bila kusema ni wafanyakazi, na anayeficha rivyu mbaya huku akidai zote zipo, na anayenunua wafuasi hewa. Adhabu ilitajwa kufika dola 51,744 kwa kosa moja.

Kwa nini wakaandika kanuni mpya wakati udanganyifu ulikuwa kosa tangu zamani? Hapa pananifurahisha kwa hiyo mnivumilie. Mwaka 2019 walikamata kampuni ya vipodozi ya Sunday Riley. Wafanyakazi walielekezwa kufungua akaunti tatu kila mmoja, kujificha kwa VPN, ile programu ya kuficha unaingilia mtandao wapi, kuandika sifa kwenye tovuti ya Sephora, na kubonyeza kutopenda kila rivyu mbaya mpaka iondoke. Barua pepe za maelekezo zilipatikana. Unajua adhabu? Waliambiwa wasirudie. Hakuna hata senti. Makamishna wawili kati ya watano walipinga wakisema hii ni kuwafundisha wengine kwamba udanganyifu unalipa. Halafu Aprili 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya AMG, majaji wote tisa wakasema kifungu ambacho tume ilikitegemea kudai pesa za walaghai hakiwapi ruhusa hiyo. Mikono ikafungwa zaidi. Kanuni ya 2024 imepita kwenye mlango mwingine: ukiivunja kwa kujua, faini inaanzia kosa la kwanza. Makamishna wote watano waliipigia kura ya ndiyo, na tume ile haikuwa na kawaida ya kukubaliana kwa mengi.

Mzee Kipima Joto

Nimesoma. Mimi ni wa upande wa pili, na naomba mnisikilize kabla ya kuniita wakala wa matapeli.

Mwongozo wa FTC kuhusu watu wanaosifia bidhaa ni wa mwaka 1980. Mwaka 2009 wakaufufua wakasema mwenye blogu akipewa kitu bure akakiandikia lazima aseme. Magazeti yakatangaza faini ya dola 11,000 kwa kila bandiko, watu wakapata kiwewe, tume ikabidi itoke kueleza kwamba haikusudii kuwafuata wenye blogu, inawatazama watangazaji. Lakini mwandishi wa gazeti anayetumiwa vitabu na mchapishaji kila mwezi yeye hakuambiwa kitu. Hoja yao ilikuwa kwamba msomaji wa gazeti anajua mhakiki ameajiriwa na gazeti, na kitabu kimekwenda kwa gazeti. Kwangu hiyo ni kumbagua mwenye kalamu ndogo. Mtu anaandika jioni baada ya kazi, amepewa kitana cha bure, anatakiwa kujaza tamko. Mhakiki wa gazeti ana rafu imejaa vya bure na anaitwa mtaalamu.

La pili. Hilo tamko lenyewe halina maana. Mwaka 2016 Warner Bros walipatana na FTC kwa kuwalipa watengeneza video, PewDiePie akiwamo, waisifie gemu yao. Mkataba uliwakataza kuonyesha kasoro za gemu. Tamko la udhamini lilikuwepo! Liliwekwa chini kwenye maelezo, mahali ambapo ukitaka kuliona lazima ubonyeze kufungua zaidi. Video ya PewDiePie peke yake ilitazamwa zaidi ya mara milioni 3.7. Nani alibonyeza?

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Leo serikali inafuta rivyu za uongo. Kesho mwenye hoteli mwenye marafiki anapeleka malalamiko kwamba rivyu yangu ya kunguni ni ya uongo. Nani atathibitisha kunguni?

Fundi Saa

Mzee kwenye kunguni uko sahihi, hao hawatoi risiti.

Kalamu Butu

Mzee la tatu nakuunga mkono karibu lote. Ndiyo maana naipenda ile sheria nyingine ya Marekani ya mwaka 2016, inayobatilisha vifungu vya mikataba vinavyomkataza mteja kuandika vibaya. Zilikuwepo kampuni zinakufanya usaini kwamba ukilalamika mtandaoni utalipa. Sheria ya namna hiyo inamlinda mwenye kunguni wako. Namaanisha aliyeumwa na kunguni.

La kwanza nakupa nusu. Ubaguzi upo. Lakini usiwape watu wa zamani usafi ambao hawakuwa nao. Mwaka 2001 iligundulika kwamba mhakiki David Manning, ambaye sifa zake zilikuwa zinachapwa kwenye matangazo ya filamu za Sony, hayupo duniani. Alibuniwa na watu wa masoko wa Sony wenyewe, wakamwandikisha kwenye gazeti dogo la kweli la Connecticut ambalo halikuwa na habari. Mwaka 2005 walikubali mapatano ya dola milioni 1.5, mtazamaji adai dola 5. Hapo hakukuwa na blogu wala nyota.

Na nyuma zaidi kuna watangazaji wa redio wa Marekani waliokuwa wanapokea bahasha ili wapige sahani fulani. Bunge lao mwaka 1960 halikukataza kulipwa ili upige wimbo. Lilikataza kulipwa kimyakimya. Ukitangaza hewani kwamba umelipwa, ruksa. Mimi naona kila kitu tunachojadili leo ni mtoto wa sheria ile.

Kuhusu tamko kufichwa uvunguni sina cha kukujibu. Ni kweli linafichwa.

Muuza Vipuri

Naomba nafasi maana nyote mnaongea kama wanunuzi.

Nauza vipuri vya simu mtandaoni. Nina nyota zangu za jasho. Usiku mmoja nimelala na 4.7, nimeamka na 3.9. Rivyu za nyota moja zimeingia kama nzige, akaunti zote mpya, zingine zinalalamikia bidhaa ambayo sijawahi kuuza. Jioni yake ukaja ujumbe wa mtu ananiuliza kama nahitaji "huduma ya kusafisha". Yaani aliyekuwekea takataka mlangoni ndiye anakodisha ufagio.

Nikaandikia jukwaa. Majibu ya mashine: tumepitia, hazikiuki taratibu zetu. Mauzo yalikaa chini karibu miezi minne.

Mnaongea sana rivyu za sifa, mbona hizi za kuua hamzitaji? Si wadogo tu wanafanya. Mwaka 2013 tume ya ushindani ya Taiwan iliipiga Samsung faini kwa kulipa watu wawaponde wapinzani wao wa simu, HTC, mtandaoni huku wakijifanya wateja wa kawaida. Samsung na HTC! Kama hao wanafanyiana hivyo mimi nani?

Na tafiti ipo inayoeleza kwa nini inatuuma sisi zaidi. Michael Luca wa Harvard alichukua nyota za migahawa ya Seattle kwenye Yelp, tovuti ya rivyu za biashara, akazilinganisha na hesabu za mapato. Nyota moja ikiongezeka, mapato yanapanda kati ya asilimia 5 na 9. Lakini hiyo ni kwa migahawa inayojitegemea. Ile yenye jina kubwa na matawi haikutikisika. Mwenye jina ana jina. Mimi nina nyota tu.

Kwa hiyo kwangu jibu la swali ni mwenye jukwaa. Yeye anaona anwani za mitandao, saa za kuingia, kila kitu. Anakula kamisheni kwenye kila mauzo. Halafu ukimfuata anakuambia yeye ni ubao tu, watu ndio wanaobandika.

Kalamu Butu

Na Marekani sheria inamkubalia. Kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinamkinga mwenye jukwaa kwa vilivyoandikwa na wengine, na kanuni ya 2024 haikumgusa anayehifadhi tu maoni ya watu. Ndilo tundu kubwa kuliko yote. Waingereza wamekwenda mbele kidogo: mwenye jukwaa lazima achukue hatua za maana kuzuia na kuondoa rivyu feki, asipofanya kosa ni lake. Walianza kuzichunguza Amazon na Google mwaka 2021, na zote mbili zilikuja kuweka ahadi za maandishi mwaka 2025.

Ulaya nako ukaguzi upo. Matokeo yaliyotolewa Januari 2022: tovuti 223 zilipitiwa, na kwa 144 wakaguzi hawakuweza kuthibitisha kwamba kinafanyika cha kutosha kuhakikisha maoni yanatoka kwa watu waliotumia bidhaa. Mia moja arobaini na nne. Hizo ni tovuti zilizokuwa zinajua sheria inakuja Mei.

Msimamizi wa Jukwaa

Nimefuta mabandiko mawili ya mtu anayetangaza kuuza nyota "za uhakika, haziondolewi". Ndani ya uzi huu huu. Mna moyo.

Mwandishi wa Njaa

Teh. Huyo ni wa kizazi kipya, sisi tulikuwa na staha.

Narudi kwenye lile sharti la kudokeza maana Kalamu Butu amelipita haraka na hapo ndipo nyama ilipo. Kazi za rivyu bandia za wazi zilikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa "vikundi vya majaribio". Unapewa bidhaa bure, unaambiwa kwa maandishi makubwa kabisa: TOA MAONI YAKO YA KWELI, HATUKULAZIMISHI. Na hawakulazimishi kweli. Nilikuwa na rafiki kwenye kikundi kimoja nami, mtu mkweli wa kupitiliza. Alipewa kikaushio cha nywele, akaandika nyota tatu: kinaunguza ncha. Hakuna aliyemgombeza. Hakuna aliyemfukuza. Orodha ya bidhaa za mwezi uliofuata ilipotoka, jina lake halikuwa na kitu. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu akapewa soksi. Akazipa tano. Wa nne akapewa saa.

Sasa mpelelezi aje na kanuni yake, aniambie ushahidi ni upi. Ujumbe wote uko safi. Tulijifunza kama kuku wa maabara, bila mtu kusema neno.

Amazon yenyewe Oktoba 2016 ilipiga marufuku rivyu za kupewa bidhaa bure, ikabakiza mpango wake yenyewe tu, ambao wanaochagua nani apewe ni Amazon, muuzaji hahusiki. Mimi naona hapo waligusa penyewe. Shida haikuwa bure. Shida ilikuwa nani anashika orodha ya mwezi ujao.

Mzee Kipima Joto

Hii ndiyo hoja bora ya uzi mzima. Na haikuhitaji serikali, ni jukwaa lenyewe lilijirekebisha.

Mwandishi wa Njaa

Mzee, baada ya marufuku ile ndipo sisi tulipohamia kwenye vikundi vya siri na kurudishiwa pesa kwa njia nyingine. Kazi iliongezeka. Mwaka 2022 hao hao Amazon walikwenda mahakamani kuwashtaki wasimamizi wa vikundi zaidi ya 10,000 vya Facebook. Elfu kumi mzee wangu.

PandaShuka

Mnarudi kwangu taratibu. Chukueni kesi ya Cure Encapsulations, 2019, ya kwanza ya FTC kuhusu kununua rivyu feki kwenye duka la mtu mwingine. Vidonge vya kupunguza uzito kule Amazon. Mwenye kampuni alimwandikia muuza rivyu kwamba bidhaa ikishuka chini ya wastani wa 4.3 haiuziki. Hukumu: dola milioni 12.8. Kichwa cha habari kikubwa. Soma chini: zimesimamishwa, alipe 50,000 na kodi fulani alizokuwa anadaiwa, basi, kwa sababu hana. Nirudie? Elfu hamsini.

Mnanunua sheria kwa kusoma nyota zake, hamsomi maoni yaliyo chini.

Muuza Vipuri

Hiyo imekaa vizuri, sikatai. Lakini mbona umeruka Fashion Nova? Dola milioni 4.2, mwaka 2022, na ni kwa kuficha tu. Rivyu za nyota nne na tano zilikuwa zinapanda zenyewe, za chini ya hapo zinasubiri kibali ambacho hakikuja tangu mwishoni mwa 2015 mpaka Novemba 2019. Zilikuwa laki kadhaa zimelala kabatini. Yule ana mali na anwani, akalipa. Sheria inamkamata mwenye anwani. Mimi hiyo inanitosha kuanzia, maana anayenishindanisha si kila mara ni duka la herufi zilizomwagwa. Mara nyingi ni mwenye anwani.

PandaShuka

Na anayekupiga nyota moja usiku?

Muuza Vipuri

Huyo bado.

Kalamu Butu

Niongeze aina moja ambayo haijatajwa, maana ni ya kijanja kuliko zote na haihitaji mwandishi. Inaitwa utekaji wa rivyu. Februari 2023 kampuni ya virutubisho ya Bountiful ilikubali kulipa dola 600,000. Walikuwa wanachukua bidhaa mpya isiyo na nyota wanaiunganisha kwenye ukurasa wa bidhaa ya zamani inayouzika, wakiiambia Amazon kwamba ni aina tofauti za kitu kimoja, kama vile rangi au ukubwa. Nyota zote za mkongwe zinamshukia mgeni. Wateja waliandika ukweli wao mtupu kuhusu kidonge kimoja, ukweli huo ukahamishwa kwenda kuuza kingine. Kama ilivyokuwa kwa Meriton: hakuna aliyedanganya kwa maneno.

Dada Chokochoko, uko kimya. Ulijisalimisha?

Dada Chokochoko

Nipo. Mlinisumbua dhamiri nikaamua kuingia kwenye akaunti yangu niirudishe ile rivyu kwenye nyota mbili na kuandika habari za chaji, na za ile pesa niliyorudishiwa pia.

Nimeikuta. Spika haipo. Duka lina jina lingine. Ukurasa sasa unauza mizani ya kupimia uzito, ya bafuni, na chini yake, nyota tano, jina langu: "Sauti safi, besi inatetemesha meza."

Watu 41 wamebonyeza kwamba imewasaidia.